Saini ya Mzee Amiri

Mwezi wa kumi mwaka 1999, daktari alimwambia Bertha Komba ahame Lushoto. Alishika picha ya mapafu akaielekeza dirishani, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Mama, dawa nitakupa, lakini dawa yako ya kweli ni joto. Baridi na moshi vinakumaliza. Huna ndugu huko chini?"

"Nina binti yangu Korogwe."

"Basi nenda kwa binti yako."

Kusema ni rahisi. Secilia, binti yake, alikuwa akiishi na mume na watoto watatu katika vyumba viwili vya kupanga. Bertha angelala wapi huko, juu ya meza? Na angefika na nini mkononi? Alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka ishirini na sita katika kampuni ya mbao ya umma, yenye kiwanda cha kupasulia magogo huko Shume na ofisi hapa mjini. Kampuni ilipobinafsishwa, mnunuzi alitaka mashine tu. Wafanyakazi na nyumba zao hakuwataka. Badala ya kiinua mgongo, Bertha alipewa nusu ya nyumba.

Ilikuwa nusu ya juu. Nyumba yenyewe ni ya mawe, chini na ghorofa moja, juu kidogo ya barabara, na iliyajua masika mengi kabla Bertha hajaja kutoka Songea. Aliyeijenga alikuwa mlowezi wa Kiingereza aliyependa kutazama mabonde. Aliweka madirisha marefu ya fremu za chuma, dari la juu sana, na meko ya ukutani ambayo mbuzi mzima angeweza kuingia akageuka. Mlowezi alikuwa na watumishi wa kumkatia kuni. Bertha hakuwa na mtu, na msitu sasa ulikuwa na walinzi. Ruhusa ilikuwa siku mbili kwa wiki, kuni kavu tu, kichwani. Akiwasha meko, robo tatu ya joto ilipanda na moshi ikaenda zake angani. Asipowasha, ukungu uliingia kupitia fremu zilizopinda ukakaa naye chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Mwaka mmoja alijaribu hita ya umeme. Ankara ilipokuja, aliifunga hita kwenye gunia na hakuigusa tena.

Joto alilokuwa na uhakika nalo lilitoka chini. Huko aliishi Mzee Amiri Shekiondo, aliyekuwa fundi wa kunoa misumeno wa kampuni ile ile, pamoja na mkewe Tatu. Kati yao na Bertha palikuwa na sakafu ya mbao peke yake. Tatu alipopika maharage, miguu ya Bertha ilipata moto. Walipozungumza, Bertha aliwasikia, ingawa Kishambaa chao alikishika nusu nusu. Wao nao, bila shaka, walimsikia akikohoa.

Siku chache baada ya hospitali, Bertha alimtafuta Mbaraka. Huyu alianza kwa kupeleka kabichi na karoti Dar es Salaam, na tangu biashara zilipofunguliwa alikuwa amenunua lori, kisha la pili, na sasa alitaka kufungua gesti kwa ajili ya Wazungu waliokuja kutembea milimani. Alikuja mchana, akavua kofia mlangoni, akasema, "Shikamoo mama," kwa heshima zote. Kisha akatoa mshumaa mfukoni, akauwasha, akawa anaupitisha polepole kando ya madirisha. Kila mahali ulimi wa moto ulilala. Kwenye meko ulizimika kabisa.

"Nyumba nzuri," alisema. "Lakini hii, mama, inakula kuni kuliko tanuri la matofali. Mgeni wangu atalala hapa usiku mmoja, asubuhi ataniuliza njia ya kwenda Mombo."

"Ukuta ni mawe matupu. Hauanguki leo wala kesho."

"Ukuta sina ugomvi nao. Nionyeshe hati."

Bertha akaitoa kwenye bahasha. Mbaraka hakusoma majina. Alikwenda moja kwa moja kwenye tarehe. Mwaka 1934. Miaka sitini na sita. Alihesabu kwa vidole vyake vinene, akairudisha.

"Tarehe thelathini Juni mwakani inakwisha. Unaniuzia miezi minane, mama. Ongezeni muda, hapo nitakupa milioni tatu, na baridi yake nitaivumilia."

Bertha alikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya siku iliyofuata. Afisa aliyempokea, kijana anayeitwa Bryson, alimweleza bila haraka. Ardhi yote ni ya umma. Mtu anapewa muda. Muda ukiisha bila maombi, kiwanja kinarudi serikalini na anaweza kupewa mwingine. Kuomba miaka mingine thelathini na mitatu kunawezekana, ila nyumba hii ina hati moja yenye majina mawili, na sheria haina namna ya kuigawa ya juu na ya chini kila moja na hati yake. Wote wawili lazima waweke saini kwenye fomu. "Saini moja haitoshi, mama. Hata kama mwenzako yuko kitandani hospitali, tunamfuata huko huko."

Bertha alitoka pale akiwa mwepesi. Saini ya jirani ilikuwa kitu gani? Miaka mitatu walikuwa wameshiriki bomba moja la maji bila neno baya.

Alishuka kwao jioni ile na fomu. Tatu alimwekea kigoda karibu na jiko. Mzee Amiri alikuwa amevaa koti lake la kampuni, lile la kijani lililochanika kiwiko, akisikiliza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Secilia. Kifua?"

"Kifua ndicho kimenileta."

Alieleza yote: daktari, Mbaraka, tarehe. Mzee Amiri alizima redio. Aliichukua fomu, akaisoma yote, hata zile sehemu za chini zenye maandishi madogo. Kisha akaikunja mara mbili, akampa.

"Siweki saini."

Bertha alidhani hakusikia vizuri. "Mzee, isipoongezwa tunapoteza wote. Wewe na mimi."

"Wewe ndiye utapoteza. Mimi nitapata." Alinyoosha mkono, si kwenye nyumba bali kwenye sakafu, kwenye udongo uliokuwa chini ya sakafu. "Hapa palikuwa na migomba ya babu yangu. Kuanzia kwenye kile kijito mpaka barabarani. Mwaka ule walipompa yule mlowezi karatasi yake, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Mkalimani alimwambia babu, usilie mzee, hawajapewa milele, ni miaka sitini na sita, ikiisha mtarudi. Babu hakujua kusoma lakini kuhesabu alijua. Alihesabu mpaka akafa. Baba akahesabu. Unafikiri kwa nini kampuni ilipogawa nyumba niliomba hii mbovu, ya baridi, wenzangu wakachagua za bati jipya? Nimebakiza miezi minane, Mama Secilia. Nitie saini niombe mingine thelathini na mitatu? Niombe ardhi ya babu yangu kama mpangaji?"

"Lakini hairudi kwako, mzee. Inarudi serikalini."

"Serikali itanikuta ndani."

Tatu alikuwa akikoroga chungu. Hakuinua macho.

Bertha alipanda ngazi, akaketi kwenye kiti chake bila kuwasha taa. Alikuwa na nyumba ambayo hakuweza kuiuza, hakuweza kuipasha joto, na hakuweza kuiacha. Maana kuiacha ilikuwa kuacha miaka ishirini na sita ya maisha yake kwenye ukungu. Hasira yake ilitafuta pa kutua ikapakosa. Angekuwa mtu mbaya angemchukia. Lakini maneno yake yalikuwa ya kweli, na huo ndio uliokuwa mlango uliofungwa kuliko yote.

Alishuka tena Novemba, na tena Desemba. Alimwomba paroko azungumze naye. Mzee Amiri alimkaribisha paroko, akampa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, na saini hakuweka. Januari mvua ndogo haikukatika. Bertha alihamishia kitanda chake katikati ya chumba, juu ya pale ambapo kwa Tatu palikuwa na jiko, akalala hapo miezi miwili, akiamka kila alfajiri kifua kimebana kama kimefungwa kamba.

Machi alikwenda tena ofisi ya ardhi, kuuliza kama kuna njia yoyote ya kupita bila saini ya pili. Bryson alifungua faili la kiwanja, akatafuta, akasita.

"Mama, mbona kuna ombi jingine humu?"

Ilikuwa barua ya kurasa mbili, imepigwa taipu. Mwandishi aliomba apewe kiwanja hicho pindi muda wa wamiliki wa sasa utakapokwisha, kwa ajili ya kujenga nyumba ya wageni. Alieleza kwamba wamiliki hawana nia ya kukiendeleza. Chini palikuwa na saini ya Mbaraka, kubwa, yenye mkia.

Barua ilikuwa ya Novemba. Mbaraka alikuwa ameuliza mjini, akajua kwamba mzee wa chini hatatia saini, akaona hakuna haja ya kununua kwa milioni tatu kitu ambacho akisubiri tu kitamwangukia.

"Atapewa?" Bertha aliuliza.

"Kamati ndiyo inaamua. Lakini ana mpango, ana fedha, na amekuwa wa kwanza kuandika." Bryson alifunga faili. "Ningekuwa ninyi nisingengoja Juni."

Mzee Amiri hakumwamini. "Ni ujanja wako tu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno kali. Bertha hakubishana. Alimwambia, "Vaa viatu, mzee. Twende ukasome mwenyewe."

Walitembea polepole, yeye kwa kifua chake na mzee kwa magoti yake. Bryson alisimama kumwamkia, akampa kiti, akamwekea barua mezani. Mzee Amiri aliisoma kama alivyoisoma ile fomu, neno kwa neno. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Halafu aliuliza, kwa sauti ndogo, "Na mimi nikiandika? Nikisema ni pa babu?"

"Unaweza kuandika, mzee wangu. Lakini sitaki kukudanganya. Kumbukumbu zilizopo zinaanzia kwa mlowezi. Kabla yake faili halina kitu."

"Mkalimani alisema tutarudi."

Bryson alitazama mikono yake. "Labda alisema, mzee. Haikuandikwa."

Palikuwa na watu wengine ofisini, wakisubiri zamu yao kwenye benchi. Mzee Amiri hakumtazama hata mmoja. Kisha akanyoosha mkono na kusema, "Lete kalamu." Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kwa mkono ule uliokuwa umenoa misumeno miaka thelathini na mitano.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, alisema, "Thelathini na mitatu. Nitakuwa na miaka mia moja."

Bertha alitaka kumpa kitu, chochote, na hakuwa na kitu ila neno. "Mzee, nakuapia. Huyo Mbaraka hakanyagi ngazi zangu tena. Hata aje na gunia la fedha."

Mzee Amiri aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia bei sokoni na hana mpango wa kununua.

Lakini wiki ile ile alikuja na kazi. Alikwenda Shume kwa vijana aliowafundisha zamani, akarudi na lori dogo limejaa maranda ya mbao kwenye magunia. Siku tatu alikuwa darini kwa Bertha, akimwaga na kusambaza, mpaka maranda yakafika unene wa shibiri mbili. Alinyoosha fremu za madirisha kwa nyundo, akaziba nafasi kwa vipande vya mpira wa gurudumu. Meko ya ukutani aliyaziba kabisa kwa matofali. "Joto linapanda," alimweleza, amesimama katikati ya chumba, vumbi kichwani. "Ulikuwa unapasha joto mawingu. Sasa la kwetu likija juu litakaa."

Na lilikaa. Aprili yote Bertha alivua shali ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza. Mshumaa kando ya dirisha ulisimama wima. Hati mpya ilitoka Mei, na mthamini aliyekuja kwa ajili ya kodi alizunguka, akagonga kuta, akasema kwamba kwa hali hii na kwa muda huu nyumba imepanda thamani zaidi ya mara tatu. Bertha alimshukuru Mungu. Alianza kuulizia wanunuzi wengine: mwalimu wa sekondari, mfanyabiashara wa matunda damu kutoka Soni, mtu mmoja mwenye duka la vifaa. Wote walipenda nyumba. Hakuna aliyekuwa na fedha.

Kitu ambacho hawakukifikiria ni moshi. Zamani moshi wa jiko la Tatu ulipenya kwenye mbao za sakafu ukatoka kwa Bertha kupitia meko na madirisha yale mabovu. Sasa ulipanda, na haukuwa na pa kwenda. Juni baridi ilipokaza na Tatu akawa anawasha kutwa, chumba cha juu kilikuwa na joto zuri na hewa mbaya. Bertha akifungua dirisha, baridi, akifunga, moshi. Tatu alipojua, alihamisha jiko nje, chini ya kipande cha bati, akawa anapika kwenye manyunyu amejifunika kanga kichwani. Bertha alimtazama kutoka juu na kuona aibu.

Haikusaidia. Wiki ya pili ya Julai alianguka kwenye ngazi, midomo imegeuka rangi. Mzee Amiri na Tatu ndio walioita gari. Alilazwa siku kumi na moja. Secilia alipanda kutoka Korogwe, akakaa pembeni ya kitanda, na siku ya tano alisema alichokuwa amekuja nacho.

"Mama, kuna mtu anataka kununua. Amekuja hapa hospitali jana, umelala. Analeta fedha taslimu, milioni tatu zile zile. Karibu na kwetu kuna kibanda cha vyumba vitatu kinauzwa."

"Nani?"

Secilia hakujua habari za ngazi za ofisi. "Mzee wa malori. Mbaraka."

Bertha aligeukia ukuta. Siku mbili baadaye daktari alipita, akasikiliza mgongo wake, akasema kwamba Agosti nyingine katika nyumba ile asingependa kuiona. Hapo alimwambia Secilia, "Mwambie aje. Lakini kwanza nipeleke nyumbani. Kuna mtu lazima asikie kutoka kwangu."

Alimkuta Mzee Amiri amekaa barazani. Bertha hakukaa. Alishika nguzo.

"Mzee, namuuzia Mbaraka."

Alingoja kelele. Angezipokea kwa shukrani. Mzee Amiri alitazama upande wa kijito, ambako sasa hapakuwa na mgomba hata mmoja.

"Nilijua siku ile," alisema. "Mtu mwenye kikohozi kama chako hamchagui mnunuzi, Mama Secilia. Humuuzia aliyepo."

"Nilikuapia."

"Uliniapia, ndiyo. Ulikuwa na pumzi siku ile." Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na gunia tupu. "Vyombo vyako vya udongo vifunge na hili, visivunjike njiani. Barabara ya kushuka ni mbaya."

Bertha aliondoka tarehe mbili Agosti. Kwenye kona za barabara ya Mombo hakugeuka nyuma, si kwa ujasiri, ila alijua atakachokiona: dirisha lake la juu, na chini yake mtu amekaa.

Korogwe jua liliingia mpaka mifupani. Nyumba yake mpya ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, haikuhitaji meko wala maranda. Madirisha yake yalikuwa wazi mchana na usiku. Baada ya miezi miwili aliweza kutembea mpaka sokoni bila kupumzika. Baada ya mitano aliimba kanisani. Wajukuu walimzoea. Lakini kila mara alipowasikia wakikimbia chumba cha pili, aliinua macho kutazama dari, kama vile yeye ndiye aliye chini.

Mwaka uliofuata, Tatu alishuka Korogwe kwenye msiba wa ndugu yake, akamtafuta. Alileta mapeasi kwenye kikapu. Walikumbatiana mlangoni, na Bertha akamkalisha kwenye mkeka, akampa maji, akangoja.

"Onga mshi," alisema Bertha, moja ya salamu chache za Kishambaa alizokuwa na uhakika nazo, na Tatu akacheka, akaitikia.

Habari alizileta moja moja. Mbaraka alikuwa amepaka juu rangi nyeupe, ameweka choo cha ndani na kibao barabarani. Wageni walikuwa wengi. Walivaa viatu vizito vya kupandia milima, wakavivua usiku kimoja baada ya kingine, dundu, dundu, juu ya kitanda chao. Mbaraka alikuja kila mwezi na heshima zake zote, shikamoo mzee, akitaka nusu ya chini. Kila mwezi alipandisha bei kidogo. Mzee alimpa chai na kumsindikiza mpaka barabarani.

"Bado mnapika nje?"

"Nimerudi ndani. Mvua ilinichosha." Tatu aliweka maji chini. "Wageni wanalalamika moshi. Mbaraka ametuandikia barua."

Bertha alimenya peasi, akalikata vipande, akaviweka kwenye sahani. Hakula.

"Mzee ananitaja?"

"Kila jioni karibu. Baridi ikianza anauliza, sijui kifua cha Mama Secilia kimekuwaje."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani. Bertha alivuta pumzi, na ilikwenda mpaka chini kabisa bila kukwama popote.

"Mwambie kimepungua," alisema. "Mwambie bado kinanisumbua kidogo."